KODI IPUNGUZWE: YA NANI, NA KITAKACHOPUNGUA NI NINI?



Juzi jioni tulipokuwa tukitoka kazini tulisimama kidogo penye mkutano wa siasa hapa Ganjoni. Bwana aliyekuwa juu ya gari alisema maneno mawili. La kwanza alisema, wakipata serikali watapunguza kodi. Watu wakapiga makofi sana, na sisi tukapiga. Kabla makofi hayajaisha akasema la pili, kwamba hospitali zitajaa dawa, walimu wataajiriwa, barabara zitatiwa lami hadi milangoni na feri mpya zitaletwa. Tukapiga makofi tena. Kisha tukashika njia, na mwenzetu mmoja, fundi wa breki, akauliza: "Yule bwana mfuko wa kutilia ni upi, na wa kutolea ni upi?" Hakuna aliyemjibu mpaka tukafika stendi ya matatu.

Swali lile ndilo lililotufanya tuandike. Kila mwaka kabla ya tarehe 30 Aprili serikali hupeleka Bungeni makadirio ya matumizi yake, na Mswada wa Fedha hauna budi kumalizwa kabla ya Juni kwisha. Katikati hapo raia huitwa watoe maoni. Tawi letu lataka kupeleka neno safari hii, na kwa kweli twashukuru, maana miaka mingi tumekuwa tukinung'unika chini ya mwarobaini na mwarobaini haupigi kura. Lakini neno lenyewe bado halijakubaliwa. Wengi wa wenzetu wasema barua iwe ya mstari mmoja tu: kodi ya PAYE iondolewe kwa wenye mshahara mdogo, basi. Sisi twasema mstari huo si mbaya, ila peke yake haututoshi, na tukiupeleka hivyo tutakuwa tumeomba kitu kidogo kuliko tunavyodhani.

Tuanze na karatasi ya mshahara, maana hiyo twaijua kuliko waziri yeyote.

Chukua mwenzetu wa Sh. 30,000/- kwa mwezi. NSSF yamkata sehemu 6 katika kila 100, ndiyo Sh. 1,800/-. Bima ya afya ya SHIF, iliyoingia mahali pa NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, yamkata sehemu 2 na robo tatu katika 100, ndiyo Sh. 825/-. Ushuru wa nyumba ni sehemu moja na nusu, Sh. 450/-. Hayo makato matatu ni Sh. 3,075/-. Tangu mwisho wa Desemba 2024 sheria imekubali kwamba makato hayo yote yatolewe kwanza ndipo kodi ihesabiwe. Hilo lilikuwa jambo jema na twalisema wazi, kwa sababu kabla ya hapo tulikuwa tukitozwa kodi juu ya pesa ambazo mikono yetu haikuzigusa.

Zinabaki Sh. 26,925/-. Sasa PAYE. Sh. 24,000/- za kwanza hutozwa sehemu 10 katika 100, ndiyo 2,400/-. Zilizosalia, Sh. 2,925/-, hutozwa sehemu 25, ndiyo Sh. 731/- na senti. Jumla ni 3,131/-. Kisha yuaondolewa msamaha wa Sh. 2,400/- ambao kila mtu hupewa, na anabaki na deni la Sh. 731/-.

Tafadhali msome tena hesabu hiyo polepole. Kodi ambayo yule bwana wa juu ya gari alikuwa akiipigia kelele, kwa mtu wa elfu thelathini, ni Sh. 731/-. Mwenye elfu ishirini na nne halipi PAYE hata ndururu, na hivyo ndivyo ilivyo tangu mwaka 2020. Kwa hiyo akija mtu na kusema, "Nimewaondolea PAYE nyinyi wadogo," ametupa Sh. 731/-, na wengine katika sisi hakuwapa kitu.

Tulipowaonyesha wenzetu hesabu hii saa ya chakula, mzee mmoja wa karakana ambaye sote twamheshimu alikasirika kidogo. Alisema, "Vijana, mia saba ni nauli yangu ya siku nne. Mkiziona kidogo nileteeni mimi." Mzee yuasema kweli. Shilingi ni shilingi, na hakuna anayeitupa. Hatusemi zikataliwe. Twasema tujue ni ngapi kabla ya kupiga makofi, na tujue ni wapi nyingine zinakotoka.

Maana iko kodi nyingine ambayo haiandikwi katika karatasi ya mshahara, na hiyo ni VAT. Mwenzetu yule amekwenda nyumbani na Sh. 26,194/- hivi. Kodi ya chumba haina VAT, na unga hauna. Lakini tuseme katika mwezi ametumia Sh. 8,000/- kwa sabuni, mafuta ya kupikia, nguo ya mtoto, simu na vitu vya dukani vya namna hiyo. Katika hizo elfu nane, VAT ya sehemu 16 ni kama Sh. 1,103/-. Basi dukani amelipa kodi kubwa kuliko aliyokatwa ofisini, wala hakuna karani aliyemwandikia. Na huyu analipa sawasawa na tajiri wa Kizingo anayenunua sabuni ile ile. Kila mtu mche wake, lakini mfuko haulingani.

Jambo hili si jipya. Wazee wetu walilipa kodi ya nyumba tangu mwanzo wa karne iliyopita, na kodi ya kichwa ikafuata mwaka 1910. Ilikuwa ndiyo njia ya kumtoa mtu shambani kwake akafanye kazi ya mshahara, maana serikali ilitaka fedha. Baada ya Uhuru ilibaki ile waliyoiita GPT, kodi ya mtu iliyopanda kwa madaraja. Wazee waliopata kuilipa hawaisahau risiti yake. Mtu aliitia mfukoni pamoja na kipande chake, kwa kuwa askari angeweza kumsimamisha njiani amwulize. Mwaka 1974 GPT iliondolewa, na ilikuwa furaha.

Lakini tazama mambo mawili yaliyokwenda pamoja na furaha ile. Mwaka mmoja nyuma, 1973, serikali ilikuwa imeleta kodi ya mauzo, ambayo mwaka 1990 ilibadilishwa ikawa VAT hii tuliyo nayo. Kodi ilishuka kichwani ikaingia kikapuni. La pili, mabaraza ya miji, letu la Mombasa likiwamo, ndiyo yaliyokuwa yakiitegemea GPT kwa kazi zake. Ilipoondoka, hayakupewa chemchemi nyingine iliyo sawa na ile. Taka, mitaro, taa za njiani na nyumba za baraza viliendelea kuhitaji pesa. Waliozaliwa baada ya hapo walikua wakidhani mitaro ya Mombasa imeziba kwa sababu watu wa Mombasa ni wavivu.

Hatusemi GPT ilikuwa nzuri. Ilikuwa kodi mbaya na ilifaa kufa. Twasema ilipokufa hakuna aliyeuliza nani atarithi watoto wake.

Sasa tuje miaka ya karibu, ambayo sote tuliiona kwa macho. Mwezi wa Aprili 2020, wakati wa maradhi ya korona, serikali ilipunguza kodi kwa mara moja kuliko tulivyopata kuona. VAT ilishuka kutoka 16 hadi 14. Kodi ya makampuni ilishuka kutoka 30 hadi 25. Na PAYE ikawekwa katika ngazi ya vidato vinne: 10, halafu 15, halafu 20, halafu 25 juu kabisa. Mtu ambaye mshahara wake wa kutozwa kodi ulikuwa Sh. 50,000/- alilipa kama Sh. 4,366/- kwa mwezi.

Tarehe 1 Januari 2021 unafuu ule ulikwisha. VAT ikarudi 16 na kodi ya makampuni ikarudi 30. Lakini PAYE haikurudi kama ilivyokuwa kabla ya korona. Kabla ya korona ngazi ilikuwa na vidato vitano, 10, 15, 20, 25 na 30. Iliporudishwa, kidato cha 15 na kidato cha 20 vilikuwa vimeng'olewa. Tangu siku ile mtu akipita Sh. 24,000/- anaruka kutoka 10 hadi 25, na akipita Sh. 32,333/- yuko 30. Yule wa elfu hamsini akalipa Sh. 7,383/-, yaani zaidi kwa Sh. 3,017/- kila mwezi kuliko mwezi uliotangulia. Na huo mwezi wa Januari ndio wa karo.

Hapa ndipo twaona shida yetu kubwa ilipo. Wenzetu wengi wa reli, bandari na ualimu hawako chini ya elfu thelathini, wala hawako juu. Wako katikati, pale vidato vilipong'olewa. Fundi aliyekaa miaka kumi na tano kazini akiongezwa Sh. 2,000/- kwa jasho la mapatano ya chama, kama yuko kwenye kidato cha 30 serikali yachukua karibu 600 papo hapo, na makato mengine yanafuata. Kazi ya chama kuzungumza na mwajiri usiku kucha! Mwenye Sh. 200,000/- naye yuko kwenye kidato hicho hicho cha 30. Ni juu ya Sh. 500,000/- ndipo panapoanza 32 na nusu, na juu ya Sh. 800,000/- ndipo 35. Vidato viwili hivi vya juu viliongezwa mwaka 2023, na sisi hatuna neno juu yake.

Twaleta neno kwa sababu toka mwaka 2025 maneno ya kupunguza kodi ya mshahara yasikika kwa waajiri, Bungeni na Hazina, na baadhi ya wasemao hutaja chini na juu kwa pumzi moja. Basi tufanye hesabu ya juu pia. Kama kodi ya juu kabisa ikishushwa ikawa 30 kwa wote, mtu wa Sh. 1,000,000/- kwa mwezi ataokoa Sh. 17,500/-. Mtu wa elfu thelathini ataokoa 731/- kama PAYE yake ikiondolewa yote. Wote wawili watakuwa wamepunguziwa kodi, na yule bwana wa mkutanoni atasema kweli tupu.

Mfano mwingine wa punguzo lililopita kimya. Sheria ya Fedha ya mwaka 2025 iliongeza posho ya safari isiyotozwa kodi kutoka Sh. 2,000/- hadi Sh. 10,000/- kwa siku. Hata kwetu wako wachache wanaolala safarini, na tuwafurahie. Lakini gengi la njia linalokwenda kukaza mataruma juani halilali hoteli. Tujiulize ni nani katika nchi hii anayelala nje siku nyingi kwa elfu kumi kwa siku.

Sasa upande wa pili wa swali la fundi wetu, mfuko wa kutolea.

Mwaka 2024 sote twaukumbuka. Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulitaka VAT ya mkate, ushuru wa magari wa kila mwaka na mengine mengi. Mengine yaliondolewa tarehe 18 Juni, lakini tarehe 25 Juni Bunge likaupitisha uliobaki, vijana wakaingia mpaka ndani ya Bunge, na wengi waliuawa nchini. Hata hapa Mombasa vijana waliandamana. Kesho yake Rais Ruto alikataa kutia sahihi. Walikuwa wakimwimbia jina la Zakayo. Sisi tuliosoma shule ya misheni twajua kwamba Zakayo wa Yeriko aliposhuka mtini alisema atarudisha mara nne. Hiyo mara nne bado hatujaiona, lakini tuendelee.

Mswada ulipoanguka, serikali ilisema limebaki pengo la Sh. bilioni 346. Tarehe 5 Julai ikatangazwa kwamba bilioni 177 zitakatwa katika matumizi na bilioni 169 zitakopwa. Hapo tusimame. Karibu nusu ya kodi iliyokataliwa iligeuzwa kuwa deni, na deni ni kodi yenye tarehe ya mbele. Deni la taifa mwaka 2025 lilikuwa limepita trilioni 11, na riba yake hailipwi na mtu wa Ulaya.

Na ile ya kukatwa, ilitajwa nini kwanza? Zilitajwa ofisi za wake wa wakubwa na mashirika 47 ya serikali ya kuvunjwa, na watu walifurahi. Lakini hata kabla ya hapo Rais alikuwa amesema kwamba kwa kuwa mswada umeanguka, walimu wa mkataba wa sekondari ya chini, wapatao 46,000, hawataweza kuajiriwa moja kwa moja mwaka ule. Walimu! Serikali iliyotaka kuwa na makatibu wasaidizi 50 mwaka 2023, mpaka Mahakama Kuu ikakataa, ilipoambiwa ikaze mkanda ilimtazama mwalimu kwanza. Walimu walipiga kelele, vyama vyao vikasimama, na pesa zikapatikana. Januari 2025 waliajiriwa. Basi pesa zilikuwako, au ziliweza kutafutwa. Twawapongeza walimu, na sisi tujifunze kwao kwamba neno "kupunguza matumizi" huanza kwa asiye na sauti.

Kisha kulikuwa na jambo ambalo halikuandikwa kwa herufi kubwa. Mswada uliondolewa Juni 26, na mwezi uliofuata, Julai 2024, ushuru wa kutengeneza barabara ulipandishwa kutoka Sh. 18/- hadi Sh. 25/- kwa kila lita ya mafuta. Haukuhitaji mswada ule. Sh. 7/- kwa lita moja. Matatu ya Likoni hunywa lita ngapi kwa siku, na nani humlipia? Desemba ya mwaka ule ule ushuru wa maendeleo ya reli nao ukapandishwa kutoka 1 na nusu hadi 2 katika 100 kwa bidhaa zinazoingia.

Ushuru huu wa reli watuhusu, maana wabeba jina letu, kwa hiyo mtuwie radhi tukikaa hapa kidogo.

Ulianza mwaka 2013 ukiwa 1 na nusu, mwaka 2019 ukafika 2, mwaka 2023 ukashushwa hadi 1 na nusu, na sasa umerudi 2. Hulipwa hapa hapa Kilindini, bidhaa inaposhuka, na mwenye bidhaa huutia katika bei. Kwa hiyo shati la mtumba la Kongowea lina reli ndani yake. Fedha hizo zilitakiwa kwa reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyogharimu kama Sh. bilioni 327, sehemu kubwa mkopo wa benki ya China Exim, na ikaanza kuchukua abiria katikati ya mwaka 2017.

Sisi ni watu wa reli. Hatuwezi kusema reli ni kitu kibaya. Mtu hatukani chungu anachopikia. Gari la abiria linajaa, na mizigo inakwenda. Lakini twakumbuka yaliyotokea Agosti 2019, ilipoamriwa kwamba makontena ya Nairobi na ya nchi jirani yapande reli kwa lazima. Sababu ilikuwa wazi: mkopo utalipwa na mzigo, na mzigo haukuwa ukitosha. Madereva wa malori, makuli, mafundi wa tairi na akina mama wa vibanda vya chakula, kutoka Changamwe hadi Mariakani, waliona kazi ikiondoka. Watu wa Mombasa wakaandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Mpaka amri ile ilipoondolewa kabisa, Septemba 2022, wengi walikuwa wamekwisha kufunga.

Katika siku zile sisi wa reli tulikuwa mahali pabaya. Mzigo ukija kwetu, jirani yetu analala njaa. Mzigo ukienda barabarani, mkopo wa reli unabaki mgongoni mwa wote. Baadhi ya wenzetu walikosana na ndugu zao wa nyumba moja. Mmoja wetu hakusemezwa na shemeji yake, dereva wa lori, mpaka Idi. Twaeleza hili ili ijulikane kwamba matumizi mabaya ya serikali si hesabu za vitabuni. Mtu akikopa bila kuuliza mzigo uko wapi, baadaye huwagombanisha wafanyakazi wawili juu ya kontena moja. Na wala hakuna siku iliyobandikwa hadharani, pale ambapo mtu wa Kongowea angeweza kuisoma, hesabu ya mwaka ya ushuru huu: umeleta ngapi, umelipa deni ngapi, umebaki ngapi.

Sasa kwa upande mwingine, yako matumizi ambayo tukisikia mtu yuataka kuyapunguza tusimame naye mlangoni.

La kwanza ni feri ya Likoni. Mwenda kwa miguu halipi kitu. Kila alfajiri maelfu wanavuka kuja kisiwani, wapishi, walinzi, makuli, karani, sisi wenyewe, bila kutoa hata shilingi. Huo ni mshahara ambao hauandikwi. Mwenzetu wa ng'ambo akitozwa Sh. 10/- tu kwenda na kumi kurudi, kwa siku 26 ni Sh. 520/-, na ile 731/- ya PAYE imekwisha zaidi ya nusu. Na si bei tu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka na watu 272 wakafa. Matengenezo ya chombo ndiyo matumizi ambayo karani wa hesabu huyafuta kwa urahisi, kwa sababu kalamu hailowi maji.

Lakini hata hapo tusiwe vipofu. Hapa kwetu Liwatoni lilijengwa daraja la kuelea kwa Sh. bilioni 1.9, likafunguliwa mwishoni mwa 2020 wapitaji wasisongamane feri. Halikumaliza hata miaka mitano ya kazi. Zile bilioni zilikuwa za umma, na palipo na bilioni za umma yafaa paulizwe mapema daraja litakaa miaka mingapi. Kutetea feri si kutetea kila kitu kinachoelea.

La pili ni hospitali. Wako wenzetu wanaosema SHIF iondolewe yote. Twawaomba wapige hesabu kwanza. Wakati wa NHIF mtu wa elfu thelathini alikatwa Sh. 900/-, sasa ni 825/-. Mtu wa milioni moja alikatwa Sh. 1,700/- tu, sasa ni Sh. 27,500/-. Kwa kukata, huu ni mkato wa haki kuliko ule wa zamani, hata kama wa katikati wameumizwa. Manung'uniko yetu ni ya dirishani, pale mtu aliyekatwa miezi yote anapoambiwa asubiri, au mtandao hauko, au dawa akanunue nje. Kuondoa mkato hakuleti dawa. Mwenye kuuondoa ana hospitali yake.

Ushuru wa nyumba ni kesi nyingine. Mahakama Kuu iliukataa Novemba 2023, ukarudishwa kwa sheria mpya Machi 2024. Twakatwa Sh. 450/- kila mwezi, na mwajiri hutoa nyingine kama hizo. Babu zetu wa reli walikaa landhi za reli. Zilikuwa ndogo na za kubanana, lakini mtu alipewa ufunguo. Sisi twalipia nyumba ambazo wengi wetu, tukiangalia malipo ya kwanza na ya kila mwezi, hatutapewa ufunguo wake. Huu ndio mkato ambao, kama serikali yataka kutupunguzia kitu cha maana, ungeanza nao kwa wenye mshahara wa chini. Utakuta kwamba 450/- hizi hazitajwi mikutanoni kama PAYE, maana hazikuitwa kodi tangu mwanzo.

Kwa hiyo barua ya tawi, kwa maoni yetu, isiwe ya mstari mmoja. Iseme vidato vya 15 na 20 virudishwe katika PAYE, na vya juu viachwe mahali pake. Iseme ushuru wa nyumba usiwaguse walio chini ya kiasi fulani, ambacho mkutano utakitaja. Iseme kila ushuru wenye jina lake, wa reli, wa barabara, wa nyumba, ubandikiwe hesabu yake kila mwaka kwa Kiswahili. Na iseme feri iachwe bure kwa mwenda kwa miguu. Kama Hazina itauliza pesa za kujaza pengo zitatoka wapi, tuwe tayari kujibu. Tusifanye kama yule bwana wa juu ya gari. Sisi tungejibu kwamba zianze kutafutwa katika safari na posho, na katika kazi zinazolipiwa kabla ya kukaguliwa. Wenzetu wenye majibu bora wayalete.

Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi kama 15,000 wa mji huu, wa reli, wa bandari na wa majumbani, waliacha kazi pamoja kwa sababu mshahara ulikuwa mdogo na bei ya vitu kubwa. Hawakuwa na karatasi za mshahara zenye mistari minane kama zetu, na pengine ndiyo maana walielewana upesi. Sisi mistari hii yatugawa: wa chini atazama PAYE, wa katikati atazama vidato, wa bandari atazama kontena.

Mkutano wa tawi utaitwa kabla ya mwisho wa Aprili, siku itabandikwa ubaoni. Kila anayekuja na alete karatasi yake ya mshahara ya mwezi wa karibuni, pamoja na ya Desemba 2020 na ya Januari 2021 kama bado anayo. Katibu ataandika hesabu zake tu. Jina na nambari ya kazi zifunikwe kwa karatasi kabla ya kumpa.